Waya wa dairekti nimeung'oa

Moshi ulitokea chini ya dashibodi ya pikapu yangu ya dizeli, kando ya usukani, kabla ya alfajiri, tukiwa Ngomeni na makreti ya samaki nyuma. Mwanangu wa miaka 11 ndiye aliyekuwa amebonyeza kile kidude cha kupasha injini kabla ya kuiwasha, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe: bonyeza, hesabu mpaka kumi na tano, achia, baba apige stata. Alifika tisa. "Baba, kinachoma," akasema, akautoa mkono. Kidude hakikurudi. Kilikuwa kimegandia ndani na moshi ukazidi.

Nilishuka na spana namba 10, nikafungua boneti gizani na kulegeza hasi ya betri huku nikimpigia kelele mtoto ashuke. Kidoleni mwake palikuwa na lengelenge dogo, jeupe. Nimeliona lengelenge lile kila siku wiki hii, na ndilo linaloniandikisha haya.

Wenye pikapu za dizeli za zamani mnakijua ninachokisema. Hita plagi ni vijiti vinavyopasha joto ndani ya injini kabla ya kupiga stata, na rilei ni swichi inayovipelekea umeme. Rilei hiyo ikifa, fundi havui rilei. Anavuta waya kutoka betri, anautoboza mpaka dashibodi, anafunga kiswichi cha kubonyeza, halafu anarudisha waya mpaka kwenye hita. Dairekti. Gari inawaka, unamlipa, mnaagana. Pikapu yangu niliinunua na dairekti tayari, na aliyeniuzia alinionyesha kile kidude kana kwamba kilitoka nacho kiwandani. Miaka minne nimekibonyeza.

Msiniambie Malindi kuna joto, hita za nini. Injini iliyochoka haibani hewa kama zamani, na asubuhi za kusi chuma kinapolala nje kwenye umande, bila hita utapiga stata mpaka betri ilie.

Sasa tazameni huo umeme wenyewe. Hita plagi moja hunyonya ampea 10 na zaidi. Injini yangu ina nne, kwa hiyo tunazungumzia ampea 40 na kupanda, na sekunde za mwanzo, hita zikiwa baridi, ni zaidi ya hapo. Mzigo huo ndio sababu rilei ikawepo. Ile waya nyembamba inayotoka kwenye swichi ya ufunguo inabeba umeme mdogo usiofika hata ampea 1, kazi yake ni kuiamsha koili tu, ile sumaku iliyo ndani ya rilei. Koili inavuta kisahani cha shaba, na mzigo mkubwa unapita hukohuko kwenye injini, kwa waya mnene na mfupi, nyuma ya fyuzi yake. Hauingii kabisa mahali wanapokaa watu. Dairekti inauchukua mzigo wote huo na kuuleta magotini mwa dereva, kwenye swichi ambayo haikuumbwa kuubeba. Na huu wangu ulichukuliwa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi hata moja. Nilipouvuta niliona kwamba pale unapopenya ukuta wa injini hapakuwekwa hata mpira. Ngozi ya waya ilikuwa imelika na shaba inachungulia, inchi moja kutoka kwenye bati. Ungegusa bati siku yoyote, tukiwa njiani, watoto wamelala.

Jioni fundi wa waya alikuja nyumbani. Ni kijana mzuri, mikono yake ni safi kwenye kazi. Lakini neno lake la kwanza lilikuwa: "Mzee, tukuwekee waya mnene na swichi kubwa, utasahau." Nikamwambia hapana, twende kwenye rilei. Akashangaa. "Hiyo si ilikufa zamani?"

Rilei ya kwanza ilikuwa bado imefungwa pale pale ubavuni mwa boneti, waya zake zimekatwa na kuviringwa tepu. Tukazirudisha. Akashika testa, kibano kwenye bodi, ncha kwenye waya mwembamba. Nikafungua ufunguo. Taa ya testa ikawaka, baada ya sekunde chache ikazima yenyewe. Yaani taima, ile inayohesabu sekunde za hita, nzima, waya nzima, swichi nzima! Rilei nayo ikapiga "tak". Boliti ya kuingilia ina umeme, boliti ya kutokea haina kitu. Tukaikwangua kofia tukaifungua: kisahani cha shaba kimeliwa upande mmoja, cheusi kama mkaa, na kutu ya kijani imekizunguka. Gari inayoshinda Gongoni na Ngomeni, kwenye upepo wa chumvi, hayo ndiyo yake. Ni kisahani kile tu kilichokufa. Kwa ajili yake gari ilitobolewa, ikakatwa waya, ikawekwa moto ndani.

Rilei ya mtumba, ya volti 12, nimeipata mjini kwa shilingi 1,200. Kuifunga ilikuwa kazi ya nusu saa.

Nakubali, na sikubali kwa moyo mweupe, kwamba dairekti inaokoa. Ukikwama kati ya Minjila na Witu jua linazama, hakuna atakayekuambia usubiri spea kutoka Mombasa. Fundi akikugusishia waya ukafika Lamu salama, mshukuru. Lakini ukifika, waya ule utoke. Ubaya ni kwamba hautoki, kwa sababu gari inawaka. Na sisi wenye magari ndio tunaowaambia mafundi "weka tu chochote itembee", kisha tunawalaumu.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka juzi. Taima huzima hita kwa wakati wake, kidole hakijui wakati. Tulipozitoa hita plagi, ya tatu iligoma. Fundi aliizungusha taratibu, robo kwa robo, anatia mafuta, anasubiri. Ilipotoka ncha yake ilikuwa imevimba kama ncha ya kiberiti kilichoungua. Ncha kama hiyo ikikatika inaangukia ndani ya injini, na hapo unazungumzia kufungua kichwa cha injini, si shilingi 1,200.

Mkinunua rilei, angalieni volti. Ya 12 ukiitia kwenye gari ya 24 koili inaungua. Fungueni hasi ya betri kwanza. Pakeni grisi kidogo kwenye boliti, chumvi ya kwetu haina huruma. Na mkinunua pikapu iliyotumika, ingizeni mkono chini ya dashibodi, ukikuta kidude cha kubonyeza, fuata waya wake kabla hujatoa hela.

Jana alfajiri tulirudi Ngomeni. Nilifungua ufunguo, ile taa ya njano ikawaka, kule mbele kukapiga "tak", taa ikazima, nikapiga stata, injini ikashika. Mwanangu alikuwa ameketi mikono mapajani, anatazama tundu lililobaki kwenye dashibodi. Akaniuliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Nikamwambia ashike tochi, tukapange makreti.