Njia za Ndani Zipewe Namba Kabla Hazijafungwa

Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nilikuwa nimeshavuka daraja la Sabaki nashika njia ya Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Mbele yangu kulikuwa na kijana kwenye baiskeli ile nyeusi ya kazi, kasha la mbao limefungwa kwenye karia kwa mpira wa tyubu kuukuu, limejaa bofulo. Nyuma yetu likaja lori tupu linalorudi Gongoni kupakia chumvi. Mbele likatokea basi. Dereva wa lori hakupunguza mwendo hata kidogo. Alikandamiza honi, honi moja ndefu, na sisi wawili tukatoka lami.

Mimi nilishuka salama. Mwenzangu alipotokea, ukingo wa lami umemegeka, na kutoka juu hadi mchangani ni shubiri nzima. Gurudumu la mbele likadumbukia, kasha likalala upande, mikate ikamwagika. Utingo akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti: "Barabara ya magari hii!"

Tuliokota bofulo moja moja. Kijana alikuwa akiupuliza kila mkate, anaupangusa kwa pindo la shati, anaugeuza kuangalia pale ulipopasuka kama mchanga umeingia ndani, kisha anaurudisha kashani taratibu kama anayelaza mtoto. Isiyouzika aliitenga juu ya gunia. Ilikuwa kumi na miwili. Akaniambia, "Ami, hii ndiyo faida yangu ya leo," wala hakumtukana mtu. Heri angetukana.

Neno la yule utingo limenikaa kooni wiki nzima. Barabara ya magari! Malindi hii imebebwa na baiskeli. Kabla pikipiki hazijajaa, mgonjwa wa Ganda alifika hospitali amekaa kwenye karia, amemshika mwendeshaji kiunoni. Maji ya mfereji yakikatika, mitungi huja kwa baiskeli. Mnazi wa mgema, nazi, makaa, mahindi ya kusaga, vyote vimeingia mjini kwa miguu ya watu wanaokanyaga pedeli. Watu hawa leo wanaambiwa wamepotea njia.

Kwamba barabara kuu ijengewe ukingo mpana wa baiskeli, hilo halina mjadala na sitalirefusha. Lakini nimeendesha baiskeli hapa miaka kumi na tisa, na kinachoniuma zaidi kiko mbali na lami. Tunazo tayari njia nyingine, tulivu, zisizo na gari, na tunaziacha zife mbele ya macho yetu.

Anayeijua Malindi kwa dirisha la matatu hajaijua. Toka mjini saa kumi na moja na nusu alfajiri, shika upande wa Casuarina, ipite hifadhi ya bahari, uendelee hadi Mayungu wavuvi wakishusha samaki. Au ingia bara kwa Ganda, upite kati ya mikorosho na miembe, kwenye njia ya udongo ulioshindiliwa na miguu na magurudumu mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Au nenda Ngomeni, ambako mabwawa ya chumvi yametandazwa huku na huku, nchi yote sawa kama mkeka, na katika saa nzima ukahesabu pikipiki mbili tu. Watu unaokutana nao wanakusalimu. Mzee amekaa mlangoni unampa shikamoo bila kusimama, naye anakuitikia marahaba ukiwa umeshampita. Kwenye barabara kuu hilo haliwezekani, kila mtu amekunja uso anasikiliza kinachokuja nyuma yake.

Nchi tambarare ina mlima wake, nao ni upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, safari ya Mambrui ni kupanda tu. Kusi ikishika, taabu inahamia kwenye kurudi. Marehemu baba alikuwa baharia, hakupanda baiskeli maisha yake yote, lakini ndiye aliyenipa kanuni ninayoifuata mpaka leo: toka na upepo wa omo, unaokupiga usoni, ukiwa na nguvu zako, urudi na wa tezi, unaokusukuma mgongoni, ukiwa umechoka. Kwa hiyo Jumapili za kaskazi mimi ni mtu wa Mambrui, na za kusi ni mtu wa Mayungu na Watamu. Kwenye njia za ndani upepo unausikia kwenye minazi kabla haujakufikia kifuani, unapata nafasi ya kuinama. Hilo nalo ni raha ambayo lori haliwezi kukuachia.

Sasa nije kwenye kinachonifanya niandike.

Kuna njia kule Mayungu iliyokuwa ikitoka pwani hadi kwenye barabara ya ndani. Nilipita hapo miaka tisa. Baba zetu walipita hapo. Asubuhi moja mwaka jana nilikuta ukuta wa mawe ya kuchonga umesimama katikati yake, saruji bado mbichi, na alama za magurudumu ya baiskeli zimeingia chini ya mawe kana kwamba waliopita jana yake wamo ndani. Pembeni alikuwa amesimama mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, na beseni lake la samaki kichwani, anautazama ule ukuta. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa nizunguke wapi, mwanangu?" Tulizunguka pamoja, mimi nikiburura baiskeli, mpaka tukatokea barabara kuu, kwenye malori. Yeye sasa anapita huko kila siku, akienda na akirudi.

Nilimwuliza mtu anayejua mambo ya viwanja kama hilo ni halali. Akanijibu kwamba kwenye ramani ya upimaji hapakuwa na njia. Palikuwa na mstari wa kiwanja na mstari wa kiwanja kingine, basi. Miguu ya vizazi vitatu haikuandikwa popote.

Watu wa mwambao tunajua hadithi hii inavyokwisha. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, wangapi wamelala kwenye shamba la babu yao wakaamka ni maskwota? Kilichokosa karatasi kilichukuliwa. Njia zetu za ndani ziko hapo hapo leo. Hazina karatasi, hazina jina, hazina alama, kwa hiyo mwenye pesa za kuzungushia waya anazikuta pori.

Ndiyo maana nataka zipewe namba. Nataka namba kwenye nguzo, njia panda kwa njia panda. Jambo hili limeshafanywa kwingine na halikuhitaji mabilioni. Kule Ubelgiji, mkoa wa Limburg, migodi ya makaa ya mawe ilikuwa imefungwa yote kufikia 1992, na mkoa ukawa unatafuta kitu cha kuwaleta watu. Mhandisi mmoja wa migodi, Hugo Bollen, akachukua fikra aliyoizoea chini ya ardhi, ya kuzipa namba njia zinapokutana mtu asipotee, akaileta juu. Mwaka 1995 Limburg ikawa na mtandao wake. Kila njia panda ina namba, na kibao chake kinakuonyesha namba za njia panda zinazofuata. Mwendeshaji anaandika namba zake kwenye kipande cha karatasi, anaondoka. Sehemu kubwa hazikuwa barabara mpya, zilikuwa vijia vya mashambani, kingo za mifereji na reli zilizoachwa. Uholanzi wakaiga, na leo nchi ile nzima unaweza kuizunguka kwa namba.

Lakini mimi siwazii watalii kwanza, hata kama hoteli zetu zingepata cha kuwapa wageni zaidi ya kuwapakia gari hadi Gede na Marafa. Mimi nawazia ule ukuta. Njia yenye nguzo yenye namba, iliyochorwa kwenye ramani ya kaunti, haimezwi usiku mmoja. Mtu akiifunga namba 14, waliotoka namba 13 watafika wakute haipo, na watauliza. Fundi wa kujenga ukuta mwenyewe atasita kung'oa nguzo ya serikali. Kazi ya kuzipima njia hizi ni ya mwezi mmoja kwa vijana sita wenye simu na baiskeli. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziweka barabara za kaunti mikononi mwa kaunti. Hatuna haja ya kusubiri Nairobi.

Nakubali, si kila njia itafaa. Nyuma ya Mambrui kuna mchanga tifutifu unaomeza gurudumu jembamba hadi nusu ya spoki, na masika ikinyesha kuna mahali pa kubeba baiskeli begani. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba pikipiki zitapita humo humo, na vijana wa boda wana watoto wa kulisha kama mimi. Dada zangu wameniambia hawawezi kupita vichakani peke yao kukiwa na giza, na hilo sina jibu lake zuri isipokuwa kwamba njia inayopitwa na wengi ina macho mengi.

Yule kijana wa mikate nilimtafuta siku ya pili. Daraja la Sabaki ni moja, hapo hatuna hiari, lakini ukishavuka kuna kijia kinachochepuka kuelekea baharini na kukufikisha Mambrui kwa nyuma, karibu na msikiti. Nilikwenda naye mpaka mwisho. Kinaongeza dakika kumi na mbili. Alizihesabu kwenye simu yake, akafikiri kidogo, akasema anazimudu, atatoka nyumbani mapema. Jumatano alipita, Alhamisi alipita, Ijumaa alipita. Hakuangusha hata mkate mmoja.

Jana jioni amenipigia. Kuna nguzo zimesimikwa kukatisha kijia, nguzo za saruji, mpya. Waya bado.