Mtaa wa Mageti

Jamani, huku juu tulikohamia, ukitaka kuomba chumvi kwa jirani andaa barua ya utambulisho. Kila nyumba ina ukuta, juu ya ukuta vipande vya chupa, juu ya chupa waya. Getini wameandika "Mbwa Mkali". Huyo mbwa namsikia tu, sura simjui. Na mwenye mbwa vilevile.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Kule nyumba inaanzia barazani. Marehemu mjomba alikuwa akitoka alasiri kununua kiberiti, anarudi baada ya isha. Kiberiti hana, ila anajua nani kaposa wapi na dagaa wa Kibirizi wameshuka bei gani. Baraza linatazama njia, ua uko nyuma. Wapita njia unawasalimia wote, na bado sufuria yako ina nini hakuna anayejua. Waliojenga vile hawakusomea mipango miji. Walijua tu kwamba binadamu ukimpa kivuli na pa kuweka makalio, maneno atayatafuta mwenyewe.

Hebu fikiria Stanley, mwaka 1871. Katembea miezi kibao kutoka pwani, kafika Ujiji, wanasema kamkuta Livingstone chini ya mwembe, watu wamejaa. Sasa mzee yule angekuwa kapanga mtaani kwetu! Stanley angegonga geti mpaka kiganja kiote sugu, kijana wa kazi achungulie kitunduni: "Una miadi? Mzee kapumzika. Acha namba." Historia nzima ingeishia hapo, na mbwa anabweka.

Ramani ya viwanja niliiona. Barabara pana, namba zimepangwa vizuri, pa kuweka genge la nyanya hakuna. Pembeni wameandika "eneo la wazi". Nikaenda kulitazama. Lina ukuta na geti.

Tunaonana maji yakikatika, basi. Hapo ndipo mtaa unanoga! Madumu foleni, mabosi na kanga mabegani, salamu za "mwakeye" zinarushwa huku na huku. Ndiyo siku niliyogundua kwamba jirani niliyepakana naye ukuta tulisoma naye shule ya msingi. Tukacheka, tukashikana mikono. Maji yakarudi, akaingia ndani, kimya hadi leo. Naliombea bomba lipasuke tena, ila msimwambie mke wangu, yeye ndiye mbeba ndoo.

Nikaona isiwe tabu. Nikagonga mbao, nikaweka benchi nje ya geti, chini ya mwembe. Jioni hiyohiyo grupu la mtaa la WhatsApp likawaka: "Tahadhari, kuna watu wasiojulikana wamekaa barabarani." Watu wenyewe mimi na baba mkwe!

Kulipokucha akaja bwana mmoja na kopo la rangi nyekundu. Benchi liko kwenye hifadhi ya barabara, lazima lipigwe X. Sawa mkubwa. Akakaa, kwenye benchi hilohilo, aandike notisi. Muuza karanga akasimama. Akaja mtu kumuuliza habari za hati ya kiwanja chake. Yule wa shule ya msingi akachungulia, akatoka na ubao wa drafti chini ya kwapa.

Saa kumi nikauliza kwa adabu, mheshimiwa, X unaipaka saa ngapi?

"Tulia kwanza mzee," akasema bila kuinua macho, "huyu nina kingi yake hapa."