Kila mtu anakwambia Cornell '77: tunapeana shoo au tunapeana kanda?

Muulize mpenzi yeyote wa Grateful Dead uanzie wapi, hujamaliza hata swali ashakujibu: Cornell, Mei 8, 1977. Mwingine anayejifanya mjuaji zaidi atakwambia hapana, Veneta, Agosti 27, 1972. Wa tatu atawakatalia wote wawili halafu akutajie tarehe ambayo hujawahi kuisikia popote, na jinsi atakavyoitaja utadhani ndo siku aliyozaliwa mwanae. Hawa jamaa hawatajiani albamu, wanatajiana tarehe.

Kwa ambaye hajakutana nao, hii ni bendi ya California, ilianza 1965 ikaisha mpiga gitaa wao Jerry Garcia alipofariki Agosti 1995, na hapo katikati walipiga shoo kama 2,300 hivi. Na hawakuwa watu wa kupiga wimbo kama ulivyo kwenye sahani, wimbo unaanza vizuri wa dakika nne tano, mara unafunguka, gitaa linachepuka, besi inalifuata, kinanda nacho kinajipenyeza, mnajikuta dakika ya ishirini na hamna anayejua mtatokea wapi, wao wenyewe hawajui. Kama umekulia kwenye sebene utawaelewa haraka, ila hii ni sebene ambayo haina haraka ya kufika. Sasa muziki wa hivyo shoo ya Jumamosi haifanani na ya Jumapili, ndo maana watu wakaanza kuingia na mashine za kurekodi, mwanzoni kwa kuficha, baadaye bendi ikawaachia kabisa, na mwaka 1984 wakatengewa sehemu yao ukumbini nyuma ya fundi mitambo kwa sababu ule msitu wa stendi za maiki ulikuwa unamziba fundi asione jukwaa. Sharti lilikuwa moja, usiuze. Mwenzio anakutumia kaseti tupu na hela ya stempu, unamdabia, unamrudishia kwa posta.

Sasa ishu yangu ni hii. Tukipendekezeana shoo, hivi kweli tunapendekeza walivyopiga usiku ule, au tunapendekeza kanda iliyotoka vizuri? Maana ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya kila siku.

Chukua hiyo Cornell. Chuo kikuu, mji wa Ithaca, ukumbi wa Barton Hall ambao ni jengo kubwa la michezo, nje theluji inadondoka na ni mwezi wa tano. Ukiweka seti ya pili unakaribishwa na Bob Weir, mpiga gitaa mwingine wa bendi, anawabembeleza watu wa mbele warudi nyuma hatua moja, halafu hatua nyingine, maana wanabanana, halafu ndo zinaanza nyimbo mbili zilizoshonwa pamoja dakika 25 na ushee, na ule mshono wenyewe, pale besi inapobadilisha mwendo na gitaa halijakubali bado, hata asiyependa muziki huu atainua kichwa. Mwishoni kuna wimbo mmoja wa huzuni wa kama robo saa ambao Garcia anaanza kuukwangua taratibu, anapandisha, anapandisha, mpaka mkono unakuwa kama wa mtu anayepepea jiko la mkaa. Mi nimeisikia mara nyingi na nywele za mkono bado zinasimama. Kwa hiyo wanaosema Cornell ndo yenyewe sio wajinga. Maktaba ya Bunge la Marekani yenyewe iliiingiza kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa za mwaka 2011, na huwezi kusema kila aliyeisifia amefuata mkumbo.

Ila sikiliza upande wa pili. Kanda ile aliirekodi Betty Cantor-Jackson, mama mmoja fundi wa bendi mwenye masikio ya ajabu, alikuwa anachukua sauti kutoka jukwaani anaichanganya mwenyewe, na kanda zake mpaka leo ukizisikia utadhani umekaa katikati yao. Baadaye maisha yakamwendea vibaya, akashindwa kulipia stoo alikoweka vitu vyake, na mwaka 1986 mali ikapigwa mnada, maboksi kwa maboksi ya kanda. Walionunua wakaziachia zidabiwe, zikasambaa kama moto wa kiangazi. Cornell ilikuwemo humo. Yaani watu ambao miaka yote walizoea kaseti ya kopi ya kopi ya kopi, inayovuma shhhh kama mvua kwenye bati, ghafla wanaletewa kitu kisafi namna ile. Wewe usingesema ni shoo bora kuliko zote?

Hapo ndo wanaopinga wanaposhika, na mi nawaelewa. Wanasema usiku uliofuata, Mei 9, bendi ileile ilipiga Buffalo na kuna wanaoapa kwamba ilikuwa kali zaidi. Siku moja kabla walikuwa Boston. Msimu mzima ule walikuwa wamewaka, kwa hiyo kumtoa mtu mmoja kwenye timu ukamvisha taji peke yake sio haki, na baya zaidi kila mgeni anayeingia anaelekezwa mlango uleule, akishaupenda naye anamwelekeza mwingine mlango uleule, mwisho wa siku una shoo 2,300 na watu wanazunguka kwenye kumi. Mwaka 2017 usiku wa Cornell ukatoka rasmi, na boksi la New Haven, Boston, Cornell na Buffalo kwa pamoja, sasa ungetegemea watu wafungue macho waone Cornell ina ndugu zake. Wapi. Jina ni lilelile.

Mi naongezea kitu ambacho sioni kinasemwa sana. Zamani kupendekeza kulikuwa na gharama. Shoo ya masaa matatu ni kaseti mbili za dakika 90, na kudabu ni saa kwa saa, unakaa na deki mbili unageuza upande, unaandika tarehe na nyimbo kwa kalamu kwenye karatasi ndogo ya kwenye kasha. Hukumfanyia hivyo mtu usiyemjua kwa kitu usichokiamini, na mkononi mwako ulikuwa na ulizonazo tu, kwa hiyo mmoja alikuwa mtu wa '73, mwingine mtu wa '77, mwingine kanda zake zote za miaka ya themanini kwa sababu ndo alizowahi kupata. Orodha zao hazikufanana kwa sababu makabati yao hayakufanana. Leo wote tuna kabati moja, la mtandaoni, shoo karibu zote zipo, na maajabu yake orodha ndo zimefanana zaidi! Kutaja Cornell hakukugharimu hata dakika.

Lakini hapohapo sitaki kuzipamba kanda mbovu. Kuna kundi linalotukuza rekodi za mashabiki, zile za maiki kwenye stendi katikati ya watu, wanakwambia huko ndo kuna uhai. Kiasi ni kweli. Rekodi ya miksa, yaani iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye mashine ya fundi ya kuchanganyia sauti, inakupa kila chombo mahali pake lakini ukumbi umekufa, watu unawasikia kwa mbali kama jirani anaangalia mpira. Ya maiki ina jengo ndani yake, ina shangwe, ina jasho. Watu wa Mombasa waliokuwa wananunua kaseti za taarabu zilizorekodiwa harusini hawahitaji kuelezwa hili, kigelegele kikipanda juu ya sauti ya mwimbaji hakuna aliyeona kaseti imeharibika, si ndo utamu wenyewe. Ila kuna zile ambazo maiki imewekwa karibu na jamaa wawili wanaopiga stori nusu saa nzima kuhusu gari yao, muziki unausikia kama uko chooni, na bado mtu anakuandikia "bora kabisa, lazima uisikie". Huyo alikuwepo siku ile. Anasikiliza kumbukumbu yake, we unasikiliza kelele.

Mfano mzuri wa stori kuizidi kanda ni Misri. Septemba 14 mpaka 16, 1978 jamaa walipiga Giza, chini ya mapiramidi, na mwanamuziki wa Kinubi Hamza El Din na udi wake wakiwa nao, usiku wa mwisho mwezi ukapatwa juu yao. Haya niambie nani hataki kusikia shoo hiyo. Mi nilikimbilia huko wiki ya kwanza kabisa, Mwafrika kwenda kwenye shoo yao ya Afrika, nilijiona mjanja. Kumbe mpiga ngoma Bill Kreutzmann alikuwa ameumia mkono, anapiga kwa mkono mmoja, piano haikuwa imefungwa nyuzi vizuri, na muziki wenyewe unatembea kama mtu aliyeamka sasa hivi. Ilikuja kutoka rasmi 2008 na ina sehemu zake tamu, hasa pale Wanubi wanapiga makofi na kuimba na bendi inaingia polepole kama inaomba ruhusa, lakini kama ndo umeanzia hapo utajiuliza hivi hawa wanasifiwa nini. Aliyenipendekezea alinipa hadithi.

Veneta sasa ndo inanichanganya, kwa sababu pale hadithi na muziki vimekutana. Uwanja wa wazi Oregon, shoo ya kuchangia kiwanda cha mtindi cha familia ya mwandishi Ken Kesey kilichokuwa na hali mbaya kifedha, jua kali kiasi kwamba vyombo vinatoka kwenye sauti na wao wanavirudisha hapohapo, na katikati ya jua hilo kuna kipande kimoja kimepigwa zaidi ya nusu saa ambacho hakina mwanzo wala mwisho ninaoweza kukuonyesha. Na kanda ni safi. Hii ndo mi ningeiweka mbele ya Cornell, ila najua kwa mgeni hiyo nusu saa ni mtihani, Cornell inakushika mkono na Veneta inakuacha porini.

Halafu kuna suala la bando, ambalo wenzetu wa huko hawaliwazi. Novemba 2005 bendi iliifanya Internet Archive, tovuti ya kuhifadhi rekodi ambako shoo hizi zipo, iondoe ruhusa ya kupakua shoo zao, mashabiki wakaja juu sana, ndani ya siku chache ikaamuliwa hivi: rekodi za mashabiki unaruhusiwa kupakua, za miksa unasikiliza mtandaoni tu. Wao walibishana kuhusu haki na biashara, na pande zote zilikuwa na hoja, bendi ilishaanza kuuza shoo zake yenyewe na ilikuwa na haki ya kulinda mfuko, na mashabiki walikuwa na haki ya kusema sisi ndo tuliozitunza kanda hizi. Mi huku hesabu yangu ni nyingine. Shoo ya masaa matatu kwa mp3 ya 128 ni kama MB 170, ukiipakua mara moja ni yako mpaka simu ife, ukistrimu unalipa kila unapoipenda. Kwa hiyo anayenipendekezea rekodi ya miksa ananipendekezea gharama ya kila wiki, na ya shabiki aliyesimama na maiki yake miaka hamsini iliyopita ndo inayokaa kwenye simu yangu. Labda ndo maana nimezoea kelele za watu, sikatai.

Ndo maana nasema tarehe tupu ni nusu ya pendekezo. Niambie tarehe, halafu niambie ni kanda gani, miksa au maiki au zimechanganywa, niambie niingilie wimbo gani, na kama kuna jamaa wanaopiga stori niambie wanaanza dakika ya ngapi. Dick Latvala, shabiki na mkusanyaji wa kanda aliyekuja kukabidhiwa stoo ya bendi, alipoanza kuchagua shoo za kutoa mwaka 1993 hakuanza na Cornell, alianza na Tampa, Desemba 19, 1973, shoo ambayo haikuwa kwenye mdomo wa kila mtu. Alikuwa na makosa yake kwenye kuchagua, kuna chache ambazo mi sizielewi mpaka leo, ila angalau unasikia kuna mtu mwenye masikio yake nyuma ya chaguo.

Jamaa yangu mmoja nilimpa Cornell mwaka juzi, nikamsubiri kwa hamu. Akarudi na maneno matatu, "ina sauti nzuri". Basi. Nikakaa kimya miezi kadhaa, halafu nikamtumia rekodi ya shabiki ya Hollywood Palladium, Agosti 6, 1971, nikamwambia usianze mwanzo, nenda moja kwa moja kwenye ule wimbo ambao Otis Redding pia aliuimba, hapa anaimba Pigpen, mwimbaji na mpiga kinanda wao aliyekuja kufariki 1973, na usiangalie ubora, sikiliza ukumbi. Pale gitaa linapofika juu kabisa watu wanaripuka, sio kupiga makofi, wanaripuka kama goli la dakika ya tisini, na kanda inakwaruza kwa sababu maiki imezidiwa. Alinipigia usiku saa nne na nusu, kwa nyuma naisikia inapiga, akaniuliza hawa watu wameona nini pale, ameirudisha mara tatu. Nikamwambia sijui, mi pia sikuwepo. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, una nyingine yenye watu?