Sauti ya Marehemu Ilikuwa Yangu

Kabla hamjaendelea kutumiana ile simulizi ya dakika tatu ambayo msaidizi wangu ameisambaza tangu Jumapili jioni, hapa Lubumbashi kutoka Katuba hadi Ruashi, naomba nirekebishe mambo mawili. La kwanza, sikumwita yule mzee bahili. Nilisema kwamba fedha hutoka mfukoni mwake kama jino linalong'olewa bila ganzi, na hayo ni maneno tofauti kabisa. La pili, sikuwa nimelewa, ingawa sasa najuta, maana angalau ningekuwa na cha kusingizia.

Mzee huyo ni mstaafu wa reli, jirani yetu, mtu wa kuheshimiwa. Aliniletea kasete ya MiniDV, zile ndogo za kamera za video za zamani, ya arusi ya binti yake ya mwaka 2005, kwa sababu ndani yake mna hotuba ya marehemu baba yake, na sauti ya marehemu huyo haipo mahali pengine popote duniani. Alitaka iingizwe katika kompyuta, ihaririwe kidogo, kisha igawiwe kwa watoto walioko Kolwezi na Ubelgiji. Nikamjibu, "Papa, hiyo ni kazi ya jioni moja." Ninyi wenzangu wa kazi hii mmeshaanza kucheka, na mna haki.

Jioni ya kwanza iliishia kwenye waya wa USB. Niliunganisha kamkoda, kompyuta ikaitambua, nikafurahi, nikafungua, nikakuta picha tatu za mbwa zilizoachwa kwenye kadi na mwenye kamera wa zamani. Kwenye kamera yangu USB hutoa picha mnato tu. Video ya kasete hupita kwenye lile tundu dogo la FireWire ambalo nilikuwa nimelizoea kama pambo. Nilizunguka siku mbili kutafuta waya wake, na hatimaye nikaupata kwa fundi mmoja wa Kamalondo, ambaye alikuwa ameufungia boksi la simu mbovu.

Jioni ya pili uingizaji ulisimama katika dakika ya 20. Nikaanza upya, ukasimama dakika ya 20. Nililaumu kasete, nikalaumu waya, nikamlaumu na fundi wa Kamalondo, kumbe diski yangu ya nje ilikuwa imeumbizwa kwa FAT32, mfumo usiokubali faili moja lizidi gigabaiti 4, ilhali saa moja ya MiniDV hula takriban gigabaiti 13. Nilihamisha vitu vyangu vyote, nikaiumbiza diski upya kwa NTFS, na nilipomaliza nilijiona mhandisi mkuu wa mkoa mzima. Sikumbuki kujipenda kiasi kile tangu nizaliwe.

Wakati huo ilikuwa imefika saa nne za usiku, umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara mbili, nami nilikuwa nimeizima kamera ili isiungue. Swichi ya kamera hiyo ina sehemu ya kuzimia katikati. Ukiisukuma upande mmoja unapiga picha, ukiisukuma upande mwingine unachezesha kasete. Maandishi yake yalishafutwa na vidole gumba vya miaka mingi. Niliisukuma gizani, kwa imani.

Skrini ikaonyesha weusi. Nikajiambia kwamba kasete nyingi huanza na weusi. Kitufe cha kuchezesha kasete ndani ya programu hakikuitika. Nikajiambia kwamba waya umezeeka. Nikabonyeza kurekodi, na vile vijiti vya kijani vinavyopima sauti vikaanza kupanda na kushuka, basi moyo wangu ukatulia kabisa. Spika za kompyuta yangu zilikufa zamani, na vipokea sauti vya masikioni alikuwa navyo msaidizi wangu, huyuhuyu mnayemsikiliza. Kwa hiyo nilisikiliza kwa macho. Nakumbuka nilikohoa, vijiti vikaruka hadi juu, nami nikasema kwa sauti, "Eh, vigelegele hivyo!"

Mmeshaelewa, lakini mimi nilikuwa sijaelewa. Kamera ikiwa katika hali ya kupiga picha, kinachopita kwenye FireWire ni kile inachokiona na kukisikia saa ileile. Ilichokuwa inakiona ni kifuniko cha lenzi yake yenyewe. Ilichokuwa inakisikia, ikiwa mezani kando ya sahani yangu ya bukari, ni mimi. Na kwa kuwa ilikuwa imechomekwa ukutani, haikujizima, ikanisikiliza kwa subira dakika 60 kamili.

Jumapili, baada ya misa, niliwakuta sebuleni kwa mzee watu kumi na wanne. Niliunganisha kompyuta na televisheni kwa waya mmoja, na sauti nikaipeleka kwa waya mwingine kwenye amplifaya yake, ambayo ni ya ukubwa wa kabati. Kisha nilisimama mbele yao na kutoa hotuba. Niliwaeleza kwa huzuni kwamba unyevu wa miaka mingi umeila picha yote, lakini kwamba sauti, kwa neema ya Mungu, imesalimika, kwa maana nilikuwa nimeyaona mawimbi yake kwenye programu yakiwa yamejaa tele. (Msiniandikie. Najua kwamba katika DV picha na sauti hukaa kwenye mistari ileile ya mkanda, na kwamba unyevu hauchagui. Nimelijua hilo Jumapili saa sita mchana.) Mzee akavua kofia. Nkambo, mjane wa marehemu, akaomba asogezwe karibu na spika, akafumba macho.

Nikabonyeza.

Kwanza kiti kikaburutwa. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kizito chenye vituo viwili. Nkambo akainua mkono na kusema polepole, "Ni yeye." Mabinti wakaanza kulia. "Alikuwa anakohoa hivyo hivyo," akasema, "mara mbili, halafu ananyamaza." Mtu akanyamaza.

Kisha kikasikika kijiko kikigonga sahani, kisha kutafuna, kutafuna kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Mzee akawaeleza wajukuu kwamba hiyo sasa ni karamu. Halafu mtu akajipiga kofi na kumtukana mbu. Hapo vichwa viwili vitatu vikageuka. Akaanza kuimba, na mimi, ambaye nilikuwa nimesimama kando ya televisheni nimekunja mikono kama mhudumu wa msiba, niliutambua wimbo kabla sijaitambua sauti, kwa sababu hakuna mtu mwingine katika mji huu anayeukosea ubeti wa pili namna ile.

Miguu yangu ilielewa kwanza, ikawa mizito. Niliinama kwenye kompyuta na kubonyeza kitufe cha kusimamisha, na programu, ambayo wiki nzima haikuwa imeniuliza kitu chochote, ikaniuliza kwa adabu kama ningependa kuhifadhi mabadiliko. Simu ikalia ndani ya rekodi. Sauti yangu, iliyokuzwa na amplifaya ya mzee hadi madirisha yakatetemeka, ikasema, "Allo, mama watoto. Eh, nipo na kasete ya yule wa reli."

Nikang'oa waya. Nikang'oa waya wa picha. Skrini ilikuwa nyeusi, ikabaki nyeusi, hakuna aliyeona tofauti yoyote.

"Nimemwambia dola 40," niliendelea kueleza kutoka kwenye spika, "kazi yenyewe ni kubonyeza na kwenda kula. Lakini yule, fedha humtoka kama jino lisilo na ganzi." Mzee alikuwa ananitazama mimi, si spika. Nilipiga magoti kuutafuta waya wa pili nyuma ya kabati, na huko, uso wangu ukiwa kwenye vumbi, nilijisikia nikimalizia kwa utulivu wa mtu aliyeshiba: "Na kasete ikigoma, si tatizo. Nitasema ni unyevu. Wazee huamini sana unyevu."

Ukimya uliofuata siwezi kuuandika. Msaidizi wangu, ambaye kazi yake pekee siku hiyo ilikuwa kushika waya wa umeme, aliuachia na kutoka nje, na ninyi mnajua alikokwenda.

Mengine ni mafupi. Kijana wa sekondari, mjukuu wao, aliichukua kamera, akaigeuza, akaisukuma swichi upande wa pili, na arusi ikatokea na rangi zake zote. Tuliketi sote saa nzima tukiingiza kasete kwa mwendo wake wenyewe, maana MiniDV haina njia ya mkato, na katika saa hiyo hakuna aliyenipa hata maji. Hotuba ya marehemu ipo, dakika saba, safi. Dola 40 zimekuwa dola 10, ambazo mzee alizihesabu mkononi mwangu moja moja, akisimama kati ya noti na noti ili nilisikie jino.

Lakini jana ameniita tena. Nkambo ameitazama hotuba yote mara mbili na amesema kwamba marehemu humo hakohoi hata mara moja, kwa hiyo anaomba apewe nakala ya ile nyingine pia, hadi pale kwenye kijiko tu.