Vitabu vya historia vya watoto virudishiwe ramani za vita

Mi nasema wazi, kilichonifanya niipende historia ni ramani za vita kwenye vitabu vya watoto, zile zenye mishale myekundu na ya bluu, viaskari vidogo vimechorwa vimepanga mstari, mto unapita katikati, kilima huku, msitu kule. Vilikuwa vitabu vya zamani vya Kiingereza na nusu ya maneno sikuyaelewa, lakini ramani haihitaji kamusi. Vita vya Cannae, mwaka 216 kabla ya Kristo, nilivielewa nikiwa primari kwa kufuata mishale tu: watu wa Hannibal, yule jemadari wa Carthage, wale wa katikati wanarudi nyuma taratibu, Warumi wanaingia kwa pupa, alafu pembeni kunafungwa na nyuma wanakuja wapanda farasi, basi wameshazungukwa!

Ndo hobi yangu ilipotoka hapo. Mpaka leo nachora ramani za vita kwa mkono, na wikiendi tunazicheza na washkaji mezani, vizibo vya soda ndo vikosi, dadu ya ludo inaamua nani kapigwa.

Sasa chukua vitabu vya shule vya kwetu. Maji Maji, 1905 hadi 1907, unapewa orodha: sababu za vita, sababu za kushindwa, matokeo. Kwenye kushindwa kila aliyesoma Tanzania anajua jibu, silaha duni na kukosa umoja, unaandika unapata maksi unasahau. Lakini chora Mahenge ya tarehe 30 Agosti 1905. Weka boma la Wajerumani na bunduki zao za rashasha, weka kundi moja la wapiganaji linashambulia upande huu, alafu kundi la pili linatokea upande mwingine wakati la kwanza limeshapigwa risasi likarudi nyuma. Hapo ndo unaona "kukosa umoja" maana yake nini kwa mtu aliyekuwa anakimbia kuelekea lile boma, mpango ulikuwepo, ujasiri ulikuwepo, muda ndo haukukutana. Inauma, na mtoto akishaiona hivyo hasahau.

Au Tanga, Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wanawashambulia Wajerumani. Ukimuuliza mtu yeyote atakwambia nyuki, nyuki waliwafukuza Waingereza. Ni kweli nyuki walikuwepo na waliwauma sana, ila ramani inakuonyesha kitu kingine kabisa, inakuonyesha reli. Meli za Waingereza zimefika tarehe 2 na karibu askari 8,000, wengi wao Wahindi, wakaanza kwa kuutaarifu mji kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha, alafu wakashuka polepole Ras Kasone. Muda wote huo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anashusha watu wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, kikosi baada ya kikosi, na tarehe 4 alikuwa na kama 1,000 wamejipanga wanasubiri. Chora ile reli kwa wino mweusi, weka mshale wa treni na mshale wa meli na tarehe pembeni, mtoto wa darasa la sita atakueleza mwenyewe kwa nini wachache waliwashinda wengi.

Lugalo ndo naipenda kuliko zote. Tarehe 17 Agosti 1891 Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule watu wa pwani walimwita Nyundo, anapita na msafara wake kwenye nchi ya Wahehe, watu wa chifu Mkwawa, kule Iringa, mstari mrefu, askari na wapagazi na punda na mizinga imefungwa kwenye mizigo. Wahehe wamejificha kwenye mawe na vichaka kandokando ya njia. Ukiuchora ule mstari kwa kipimo chake sawasawa unaona kabisa wa mbele hawezi kumsaidia wa nyuma, na mkuki wa karibu unaishinda bunduki ambayo haijapata nafasi ya kujazwa risasi. Ilikuwa ni muda mfupi sana, Zelewski akauawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Kule kusoma ardhi ni akili ya kijeshi ya hali ya juu, na inastahili ukurasa mzima wa rangi, sio sentensi mbili eti "Mkwawa alipigana kishujaa" basi tunaendelea na Kinjeketile wa Maji Maji.

Wachoraji wapo jamani, tuna watu wanachora katuni kali kila siku kwenye magazeti. Wapelekwe Lugalo, watembee ile njia, wakae na wazee wa Iringa, wapelekwe Kalenga waone ngome ya Mkwawa ilipokuwa kabla haijavunjwa 1894. Na wakichora Mahiwa ya Oktoba 1917, kule Lindi, Waingereza na Wajerumani tena, naomba sana wawachore na wapagazi. Kwenye ramani nyingi nilizoziona mishale ni ya vikosi tu, wakati risasi na magunia ya chakula yalibebwa kichwani na watu, wengi wao walikamatwa vijijini kwao, na wengi hawakurudi. Kwenye ramani zangu wapagazi nimewapa mstari wao wa kijani, unaanzia bandarini mpaka mstari wa mbele.