Maktaba ya saa nne usiku: tuipe leseni gani?

Mama mmoja alifika Mwembe Tayari, kwenye mabasi ya Mombasa, usiku na mabegi yake, akingoja basi la saa nne. Basi lake lilikuwa la kesho yake. Ujumbe wa simu ulimwambia "saa nne, usiku wa Alhamisi", naye amekulia Mji wa Kale, ambako usiku wa Alhamisi ni ule unaotangulia mchana wake, kwa kuwa siku huanza jua likizama. Kompyuta ya tiketi ilikusudia Alhamisi, 22:00.

Kijana wa jirani, Majengo, aliposikia kisa hicho akaandika maktaba ndogo ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. (Maktaba hapa ni fungu la msimbo ambalo programu nyingine huliita lizifanyie kazi moja, rafu za vitabu hazimo.) Ukiipa 22:00 ya Alhamisi inakurudishia "saa nne, usiku wa kuamkia Ijumaa". Mistari yote haifiki mia nne. Sasa anataka kuitoa kwa watu, na ameniuliza aipe leseni gani, yaani awaruhusu watu kuitumia kwa masharti gani.

Kuiacha bila leseni si jibu. Wengi hudhani msimbo ukishapakiwa mtandaoni umekuwa wa umma, lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta pamoja na kazi za maandishi, na haki hubaki kwa mwenyewe mpaka atoe ruhusa. Na ikiwa aliiandika katika shughuli za ajira yake, mwenyewe huenda akawa ni mwajiri. Hilo alimalize mwanzo, kwa maandishi.

Upande mmoja wanasimama watu wa GPL, leseni kali ya programu huria. Tunabahatika kuwa na maneno mawili, huria na bure, pale Kiingereza kinapobabaika na moja, "free": GPL haikatazi kuuza, inakataza kufunga, yaani kuuficha msimbo. Ukisambaza programu iliyounganishwa na maktaba ya GPL, programu yako nzima nayo huiachii ila kwa masharti yaleyale, pamoja na msimbo wake. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria na wa mradi wake wa GNU, aliandika mwaka 1999 kwamba maktaba yenye uwezo usiopatikana kwingine ni bora iwekwe GPL, ili wanaoandika programu huria wawe na kitu ambacho wenzao hawana. Mfano wake ni Readline, maktaba ya kuhariri mstari unaoandikwa, ambayo iliwavuta watu wakafungua programu zao ili waitumie. Maktaba ya GNU ya lugha ya C, kwa upande mwingine, iliwekwa LGPL, ndugu ya GPL iliyo laini zaidi, kwa kuwa za namna hiyo zilikuwa tele. Kuibana kungewafukuza watu tu.

Kijana anasema hajaona nyingine inayojua usiku wa kuamkia. Namwamini. Lakini upekee wa mistari mia nne si upekee wa Readline. Kampuni ya mabasi ikiogopa GPL, fundi wake atakaa jioni mbili aandike yake, na kosa la Alhamisi litakuwa limerudi palepale. Mama naye atarudi Mwembe Tayari.

Basi MIT, leseni iliyo legevu? Hiyo inadai jina la mwandishi na maneno ya leseni vibaki, kisha chukua, funga, uza. Itaenea upesi. Ila fundi atakayerekebisha saa za alfajiri ndani ya programu yake halazimiki kumpa mtu chochote.

LGPL inasimama katikati: anayeibadilisha maktaba yenyewe akaisambaza, mabadiliko hayo huyatoa kwa wanaopokea, na programu inayoizunguka inaweza kubaki imefungwa. Ina kero zake. Mpokeaji lazima aweze kuibadili maktaba hiyo kwa toleo lake mwenyewe, jambo linalowasumbua waandishi wa programu za simu. Tena kuna tundu ambalo hata GPL haizibi: kampuni ikiiendesha kwenye seva yake na kutuma ujumbe tu, haijasambaza kitu, kwa hiyo haidaiwi. AGPL ya 2007 ndiyo iliyotungwa kwa hali hiyo, nami siwezi kumshauri mtu aifunge AGPL kwenye kazi ya kutaja saa. Leseni itauma kwenye vile vimashine vya tiketi vinavyouzwa na programu ndani yake, na kwangu hapo panatosha.

Nikamwambia LGPL, kwa sababu moja zaidi: maadamu msimbo wote ni wake, anaweza kuulegeza kesho kuwa MIT, ilhali nakala zilizokwisha kutoka kwa MIT hazirudishwi. Akaliweka faili la leseni, na juu ya kila faili la msimbo akaandika jina lake, mwaka, na "toleo la 2.1 au lolote la baadaye".

Juzi mtu wa Lamu amemtumia marekebisho ya kwanza, mistari sita kuhusu alasiri. Sasa akitaka kulegeza itabidi amuulize na huyo.