Kipindi cha michezo kiwe cha darasa zima

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari Tanzania, ukifika, shule nyingi zinachangamka. Mipira inatafutwa, wachezaji wanaombewa ruhusa, kambi inawekwa. Nayapenda mashindano haya na sitaki yafe. Lakini tukiulizana kama michezo ya shuleni inawajenga watoto wetu kimwili, timu ya shule si jibu. Tuseme shule ina wanafunzi 900, imepeleka 30 kambini. Wale 870 waliobaki wanafanya nini?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli za kumfanya aheme. Kwa wiki ni dakika 420. Kipindi cha shule kwa kawaida ni dakika 40. Hata darasa likipata viwili kwa wiki na vyote vikafanyika, ni dakika 80, haifiki hata moja ya tano. Kwa hiyo tusikibebeshe kipindi mzigo wote. Ninachodai ni kwamba dakika hizo chache zitumike kweli.

Hazitumiki. Mtihani wa taifa ukikaribia, mwalimu wa hisabati anakiomba kipindi cha michezo na hakuna wa kumnyima. Kinachosalimika nacho, tazama kinavyokwenda. Niliwahi kusimama pembeni ya uwanja wa shule moja: watoto zaidi ya sitini, mpira mmoja. Wamepanga foleni, mmoja anapiga golini, anarudi nyuma kusubiri zamu nyingine. Muda mwingi mtoto amesimama tu. Wasichana karibu wote walikuwa chini ya mwarobaini na sketi zao za shule, wamewashikia wenzao masweta, na mwalimu hakuwaita. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kuwa duniani asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafanyi mazoezi ya kutosha. Kwa wasichana ni asilimia 85. Msichana wa darasa la saba asiye na bukta wala mahali pa kubadilishia nguo atakimbiaje mbele ya wavulana?

Wala tusisingizie vifaa. Wengi tuliosoma shule za msingi za serikali tunaujua mchakamchaka: alfajiri, shule nzima barabarani, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, mwenye mbio na asiye na mbio wote wamo. Haukuhitaji mpira hata mmoja. Mimi ningeurudisha kesho, ila bila fimbo ya wachelewaji, maana mtoto anayekimbizwa kama adhabu ataichukia riadha maisha yake yote. Na rede je, ule mchezo wa kukwepa mpira? Mpira wa soksi unatosha, na anayekwepa katikati anatoka jasho kuliko golikipa yeyote. Gawa darasa makundi sita, kila kundi na rede yake au kamba yake, uone kama kuna atakayebaki kivulini.

Wadhibiti ubora wa shule wakija wanakagua maazimio ya kazi, maandalio ya somo na madaftari. Nawaomba siku moja watoke nje kipindi cha michezo kikiendelea, wakae dakika kumi, wahesabu ni watoto wangapi wanahema, na idadi hiyo waiandike kwenye ripoti.